Karanga na Sukari ya Noeli

Mukishuka Kituku, Goma, mutaona soko na bandari pamoja kando ya Ziwa Kivu. Ndipo boti zinapofikisha chakula, na jamaa wanangojea watu wao. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova, kwani vita ilikuwa imefunga barabara, ilizama karibu kufika. Watu wengi walikufa. Ninyi wa kwenye migodi munajua kungoja vile.

Basi Noeli hii pikeni karanga na sukari. Yeyusheni kikombe kimoja cha sukari kwa moto mdogo mpaka rangi ya asali, watoto wakae mbali. Tieni vikombe viwili vya karanga za kukaanga, korogeni, mwageni kwenye sinia lenye mafuta, katakateni zingali moto. Fungu la kwanza liende nyumba ambayo mtu wao hakurudi.