Baiskeli ya Ruangwa

Riwaya niliyoianza mwaka juzi imekwama ukurasa wa 41. Mtoto wa miaka tisa amesimama mbele ya hakimu, anaulizwa anataka kukaa na nani. Mara nne nimeandika jibu lake, mara nne nimechana. Kila nikishika kalamu namtaka aseme neno ambalo mimi sikulisema.

Ilikuwa 2010. Mama alikuwa amesharudi kwao Nachingwea, upande wa Stesheni. Reli ile ililetwa na Waingereza wa mpango wa karanga, ikang'olewa zamani. Tumebaki na jina. Baba alikuwa Ruangwa na mikorosho yake. Talaka ilikwisha toka, wazee wa baraza walikwisha suluhisha wakachoka. Tuliobaki kugawanywa ni sisi wawili, mimi na mdogo wangu wa kike wa miaka minne.

Mjomba hakuona hata cha kubishania. Sisi Wamwera kwa asili tunahesabu ukoo kuukeni. "Watoto wa dada yangu ni wangu," alisema pale nje ya mahakama, kofia anaizungusha kidoleni. "Baba ni mgeni tu, tulimkaribisha." Baba naye ni Mmwera, na maneno hayohayo huyatumia kwa wapwa zake mwenyewe! Ila siku ile alikumbuka kwamba sisi ni Waislamu na kwamba mtoto huitwa kwa jina la baba. Kila mtu alikamata mila iliyomfaa.

Hakimu alikuwa na Sheria ya Ndoa ya 1971. Nimekuja kuisoma ukubwani, kwa kuazima. Inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni heri akae na mama, mpaka ithibitike vingine. Aliyefikia umri wa kutoa maoni yake, yatazamwe. Hata mila za jamii zimo, kwa hiyo mjomba hakuwa anaropoka. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema ni vyema ndugu wakae pamoja. Lakini saba ilipita katikati yetu kama mto: mdogo wangu ng'ambo ile, mimi ng'ambo hii.

"Haya mwanangu," hakimu aliniuliza, kwa upole kabisa. "Wewe ungependa kukaa na nani?"

Wiki moja nyuma baba alikuwa amenipitisha dukani. Phoenix nyeusi, mpya, bado ina makaratasi kwenye fremu. "Ukikaa na mimi, korosho zikiuzwa hii yako."

"Baba," nikajibu. Sikumtazama mama. Nilikuwa natazama vidole vya karani vinavyoandika.

Baiskeli ilikuja kweli. Nisikudanganye, nilifurahi mno. Nadhani mwezi mzima ulipita sikukumbuka kwamba nina mdogo wangu.

Likizo nikapanda basi kwenda Nachingwea na begi langu. Nikapiga hodi. Akatoka yeye, akanitazama, akakimbilia ndani. "Mama, kuna mgeni!"

Tangu hapo nikawa barua. Mama: "Kamwambie huyo baba yako asiye na haya, mtoto hana daftari." Nikifika Ruangwa: "Shikamoo baba, mama anakusalimu, anaomba hela ya daftari." Baba: "Mwambie asinisumbue, nachuma hela mtini?" Hapo namtazama tu, maana mkorosho si mti? Nikirudi: "Baba anasema subiri kidogo, korosho bado." Watu wananiuliza nilijifunzia wapi kuandika mazungumzo. Nilijifunzia kwenye basi.

Ubaya wake niliuona msimu wa 2018. Ndio ule ambao serikali ilitangaza itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kuzibeba. Mimi nilikuwa kwenye mtihani wa kidato cha nne, mdogo wangu amemaliza la saba. Januari ikafika, anatakiwa kuanza kidato cha kwanza, na baba kweli hana kitu, za kwake bado zinasubiri uhakiki. Nikalipeleka neno lake kama lilivyo, bila kulipunguza wala kulitia sukari. Mama akanitazama muda mrefu. "Na wewe umeshakuwa kama yeye."

Nikauza Phoenix. Ilikuwa imechoka, breki ya nyuma haishiki, nikapata ya viatu na madaftari tu. Sketi mama alikopa.

Mwezi uliopita nilimpa mdogo wangu zile kurasa 41. Sasa ni dada mzima, anashona pale sokoni Nachingwea. Alizisoma zote bila kusimama, mguu uko juu ya pedali ya cherehani lakini haukanyagi. Nikangoja aseme juu ya hakimu.

"Kaka," akasema, "mbona mtoto wako huyu yuko peke yake?"

Nikazichukua kurasa nikapekua kuanzia mwanzo. Kweli. Nilikuwa sijamwandika popote.