Picha Niliyomtumia Shangazi

Shangazi yangu anaishi Maskati tangu mwaka 1975, na kwenye ukuta wa sebule yake, juu ya televisheni, ipo picha niliyoipiga mimi Raskazone. Aliipeleka dukani ikasafishwa kubwa, akaitia kwenye fremu ya rangi ya dhahabu. Mgeni akiingia, kabla hata halwa haijafunuliwa, anaonyeshwa: "Hapo ndipo tulipokulia." Picha ile ni ya uongo, na kwa miezi mitano mtu pekee aliyelijua hilo nilikuwa mimi.

Nianzie huko huko Maskati, maana ndiko nilikojifunza kupiga picha, kama kweli nimejifunza.

Mwaka 2019 nilikwenda kukaa kwake miezi mitatu. Kulikuwa na kazi niliyoahidiwa na wakala mmoja; kazi ikayeyuka, viza ikabaki na siku zake. Nikawa sina la kufanya ila kutembea na simu mkononi. Mchana hutembei, jua la mwezi wa saba kule halina mzaha. Nilitoka baada ya Alasiri, nikarudi na Magharibi. Watu wakisikia Maskati wanawaza matuta ya mchanga na ngamia. Mji wenyewe uko ufukweni na una milima, lakini milima ile ni mwamba mtupu wa kahawia, hauna hata unyasi, na mvua ni habari ya kusimuliana. Nyumba ni nyeupe au rangi ya mchanga, kwa sababu mamlaka za mji zinataka hivyo, na maghorofa hayaruhusiwi kurefuka ovyo. Anayetoka Dubai akifika hapo anaona kijiji.

Ninavyoona mimi, hakuna mahali rahisi kupigia picha kama mji wa jangwani. Mwanga unakufanyia kazi yote. Ukuta mweupe, kivuli kimekatwa kama kwa wembe, ndoo nyekundu imesahauliwa mlangoni: tayari una picha, na marafiki watakuandikia "kali sana". Nilipiga matangi ya maji juu ya mapaa. Nilipiga viyoyozi vinavyodondosha maji na kuacha mchirizi wa kijani ukutani, kijani pekee cha mtaa mzima. Nilipiga mageti ya chuma yenye nakshi, vibaraza vya misikiti, bomba la maji baridi aliloweka mtu nje ya nyumba yake kwa ajili ya wapita njia. Jioni, Ruwi, vibarua wa Kibangladeshi na Kipakistani walikuwa wakikaa ukingoni mwa barabara na chai ya maziwa kwenye vikombe vya karatasi, mamia yao, wakiongea na simu za kwao. Hao sikuwapiga. Sheria za kule hazitaki umpige mtu picha bila ridhaa yake, na hata bila sheria nisingethubutu. Na mimi si nilikuwa nimekuja kutafuta kazi kama wao?

Siku moja shangazi akavaa miwani, akazipitia zote kwa kidole. Ananiita baba, kwa sababu nimerithi jina la babu.

"Baba, huu mji hauna watu?"

"Wapo, shangazi."

"Basi mbona umepiga viyoyozi tu?"

Nikacheka, lakini neno lilinichoma.

Niliporudi Tanga nilijaribu kupiga vilevile, ikashindikana kabisa. Tanga ukuta hauwi mweupe. Chumvi ya bahari inaula, kuvu inapanda, mbuyu unaufunika, mtu kaandika namba ya fundi bomba, waya za umeme zinapita mbele. Halafu watu! Ngamiani, kwenye zile barabara zinazohesabiwa kwa namba, huwezi kupiga picha ya baraza bila baraza kukusalimu. Unainua simu kulenga mlango wa zamani, kuna mzee nyuma yako: "Unatupiga picha? Tupe basi hela ya kahawa." Unageuka, baiskeli imekwishapita mbele ya mlango na mwanamke amekaa nyuma kiupandeupande, baibui limekunjwa vizuri lisiingie kwenye spoku. Picha zangu za mwanzo zote zina mkono wa mtu au gurudumu la baiskeli. Nilikuwa nazifuta. Siku hizi nazitafuta picha za namna ile na sizipati, watu wamezoea simu yangu.

Sasa, shangazi. Yeye na baba ni tumbo moja. Aliolewa na kijana wa Kiarabu aliyekuwa na duka Ngamiani, na mumewe alipoamua kurudi kwao, wakaondoka wote. Kiswahili chake ni cha Tanga ya miaka ile, kimehifadhiwa kama nguo ya sandukuni. Mwaka juzi, baada ya kuangalia picha zangu nyingi za bahari, akanitumia ujumbe wa sauti: "Baba, bahari ninayo huku. Nipigie nyumba yetu ya Raskazone."

Kwa msiopajua: Raskazone ni ile pua ya nchi inayoingia baharini mashariki ya mji. Ukitokea mjini unapita Bombo, lilipo jengo la kale la hospitali ya Wajerumani juu ya ukingo wa bahari, na kushoto, ng'ambo ya maji, unakiona Kisiwa cha Toten, jina la Kijerumani linalotaja wafu. Watalii wachache wanaofika huuliza habari za Novemba 1914, Waingereza waliposhusha hapa jeshi kutoka India, likapigwa na askari wa von Lettow-Vorbeck, na nyuki wakamalizia. Shangazi hajawahi kuniuliza habari za nyuki.

Nyumba za huku zilijengwa kwa ajili ya wakubwa. Mwaka 1893 ulileta vitu viwili upande huu: reli iliyoanza kujengwa kutoka Tanga, na miche michache ya mkonge aliyoileta Hindorf, ikapandwa karibu na Pangani. Kutokana na vitu hivyo viwili zikaja baadaye nyumba za mameneja na maofisa: vigae vyekundu, baraza pana, madirisha makubwa ya kupisha upepo, na uwanja ambao Ngamiani ungetoa nyumba sita. Babu alikuwa mpishi wa meneja mmoja wa mkonge. Hadi hapo ndipo nilipokuwa nikijua.

Nikaenda, nikaitafuta nyumba kwa maelezo ya baba, nikampa mlinzi salamu na maelezo marefu. Akaniambia, "Kaka, nje piga, ndani hapana." Nikapiga ile nyumba kubwa, kwa mwanga wa saa kumi na moja jioni, vigae vimewaka. Picha nzuri, nasema kweli. Nikaituma.

Jibu lilikuja upesi. "Hii ya Mzungu. Yetu iko nyuma."

Niliona aibu ambayo sijui niieleze vipi. Miaka yote baba akisema "nyumba yetu ya Raskazone", mimi kichwani nilikuwa naona baraza pana. Kumbe ni vyumba viwili vya uani, wazee waliita boi kota: kuta za saruji, paa la bati, choo pembeni, hatua arobaini hivi kutoka jiko la bwana. Umbali wa kusikia kengele lakini moshi wao usimfikie. Watoto sita walilelewa humo, mpaka mwaka 1967 mashamba mengi ya mkonge yalipotaifishwa, meneja akafunga virago na babu akahamia Ngamiani. Angalia vitabu vya picha za majengo ya kale ya pwani yetu, utakuta milango ya nakshi, mabalkoni, boma, minara. Kota hazimo. Nami nilikwishapita Raskazone mara mia na simu yangu na sikuwahi kuinua mkono kwa kota hata moja.

Nikarudi. Nyuma ya ile nyumba palikuwa pamesakafiwa matofali ya kisasa na kibanda cha magari. "Ilivunjwa zamani," mlinzi akasema, "kabla mimi sijaajiriwa."

Ningemwambia shangazi hivyo, ingeisha. Lakini nyumba ya tatu kutoka pale kota ilikuwa bado imesimama, pacha wa ile: mafundi walewale, ramani ileile. Kulikuwa na dada anaanika nguo.

"Samahani dada, naomba kupiga picha nyumba."

"Hii?" Akaigeukia, kama anaiona mara ya kwanza. "Si upige ile kubwa?"

Nikamsihi. Akajitoa kwenye picha, kanga zake zikabaki kambani. Nikapiga mara moja tu, nikaituma kwa shangazi bila neno. Uongo wangu wote ulikuwa huko kunyamaza. Nilijiambia: kama akiuliza, nitasema. Hakuuliza. Nilipokea sauti ya dakika mbili, nusu yake ni kilio. "Mungu akupe, baba. Hata kamba ya nguo ipo palepale."

Roland Barthes, katika *La Chambre claire*, kitabu kilichotoka mwaka 1980, anaeleza alivyoikuta picha ya marehemu mama yake akiwa mtoto, picha ambayo kwake ilikuwa ndiyo mama mwenyewe. Picha nyingine kitabuni anazionyesha, hiyo haonyeshi. Kwetu sisi, anasema, ingekuwa picha tu kama nyingine. Niliposoma hapo miaka ya chuo nilikubali harakaharaka, kama unavyokubali mambo ya kitabuni. Shangazi amenivuruga. Yeye alipewa picha ya mahali pasipo pake, ikamfanyia kazi yote ambayo ya kweli ingefanya. Je, alidanganyika, au kumbukumbu haijali sana ni ukuta gani unaopewa? Nilipenda hilo la pili, kwa sababu lilinisafisha. Ndiyo maana sikuliamini.

Miezi mitano ikapita. Picha ikasafishwa, ikapanda ukutani. Kisha shangazi akapiga simu usiku. "Siku ukipita tena, omba uingie chumba cha kushoto. Nyuma ya mlango, babu yako alikuwa akitupima urefu kwa mkaa kila Idi. Wapake rangi mara ngapi, mkaa hutokeza. Nipigie hapo."

Nikasema inshallah. Niwaambie ukweli, maana ndiyo sababu ya kuandika haya: usiku wa pili niliwaza kuchora. Mkaa upo jikoni kwetu. Kuta kuukuu zipo kila mahali. Mistari sita, majina mawili matatu ya kufifia, kivuli kidogo, nani angejua? Nilikwishafika hadi kufikiri ukuta wa nani. Hapo nikaogopa, na aliyeniogopesha ni mimi mwenyewe.

Asubuhi nikarudi kwa mlinzi yuleyule, nikamwambia yote, hata lile la nyumba ya tatu. Akafikiri, akafungua geti. "Dakika tano." Nikatembea ukingoni mwa matofali, na pale yalipoishia, kati yake na ukuta wa jirani, kulikuwa na kipande cha sakafu ya zamani. Saruji nyekundu, upana wa mkeka, na ngazi moja iliyoliwa katikati. Nikapiga. Mwanga ulikuwa mbaya, saa nne asubuhi, na kivuli changu kimo.

Nikampigia shangazi kabla sijafika nyumbani, nisije nikapata nafasi ya kufikiri.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba."

Nikamweleza. Upande wa pili nikawa nasikia kiyoyozi tu.

"Ile ya ukutani ni ya nani, basi?"

"Ya nyumba ya tatu. Upande wa bahari."

"Kwa dobi," akasema. Kimya tena. "Hiyo sakafu ni nyekundu?"

"Nyekundu."

"Nitumie."

Nilituma. Tiki mbili za bluu, halafu siku tatu hakuna neno, na mtu asiwaambie kwamba siku tatu ni chache. Sikuthubutu kuuliza kama fremu imeteremshwa. Siku ya nne mjukuu wake akanirudishia picha ileile ya sakafu, imechorwa duara jekundu kwenye pembe, kando ya ngazi, penye kivuli cha bega langu. Chini yake, sauti ya shangazi, sekunde nne:

"Hapo ndipo ulipokaa mtungi."