Pikipiki ya kwanza ya safari? Iulize Kitonga!

Wiki hii tunatoka mjini. Vijana kibao wananitwanga swali moja: "Nina vijisenti vyangu nimedunduliza, nataka pikipiki ya kunitoa Dar mpaka Iringa, ikibidi Mbeya. Ninunue ipi?" Na kila anayeuliza tayari anayo picha yake kichwani. Kubwa, nyekundu, ikinguruma watoto wa Sinza wote wanageuza shingo!

Jibu langu ni fupi: usimuulize muuzaji, iulize barabara. Mimi nimeiuliza, kilomita 500 hivi kwenda na nyingine kama hizo kurudi, juu ya pikipiki ya Kihindi ya cc 150 niliyoazima kwa binamu yangu.

Swali la kwanza barabara inakuuliza kabla hujafika Chalinze. Hapo unagawana lami na mabasi ya mikoani na malori yanayokwenda Zambia na Kongo. Basi likikupita kwa kasi, upepo wake unakusukuma pembeni kama mtu aliyekupiga kikumbo. Pikipiki ya cc 100, hata kama ni shujaa wa Manzese, hapa inakosa pumzi ya kuchomoka. Kwa hiyo anzia cc 125. Cc 150 inatosha kabisa, na cc 200 ni raha ya ziada.

Lakini bwana, usirukie kwenye madude makubwa. Kipimo ni rahisi: ikalie, nyayo zako zote mbili zikanyage chini. Halafu ilaze chini taratibu uone kama unaweza kuinyanyua peke yako. Ya cc 150 ina uzito wa kilo 120 hivi, unaiinua. Kuna madude yana kilo zaidi ya 200, na porini hakuna wapiga debe wa kukusaidia.

Ukishapita Morogoro, swali la pili ni Mikumi. Barabara kuu inakatiza ndani ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi. Hapo si filamu. Swala, twiga na tembo wanavuka wakati wanaotaka wao, siyo unaotaka wewe. Vibao vipo, matuta yapo, na ukimgonga mnyama unalipa faini, kama utakuwa hai wa kulipa. Hapo ndipo nilipoacha kutazama kasi ya pikipiki nikaanza kutazama breki. Kumbuka hesabu hii: mwendo ukiwa mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki unakuwa kama mara nne. Pikipiki ya safari iwe na breki ya diski mbele, na tairi zenye meno ya kweli, siyo vipara vilivyopakwa dawa ya kung'arisha.

Baada ya Mikumi unaingia bonde la mibuyu, kando ya mto Ruaha. Uzuri wake haumithiliki: mibuyu minene imesimama kama wazee wa baraza, joto linafoka kutoka kwenye lami, na pale Ruaha Mbuyuni vitunguu vimepangwa kando ya njia. Kunywa maji, kaza cheni, maana mbele yako kuna Kitonga.

Kitonga ni mlima wenye kona, ukuta wa mawe upande mmoja na korongo upande wa pili. Malori yanapanda kwa mwendo wa kinyonga. Kupanda siyo shida: weka gia ya pili, acha injini ifanye kazi. Mtihani ni kushuka. Anayeng'ang'ania breki mwanzo mpaka mwisho zinapata moto, zinalegea. Shuka na gia ndogo, injini ikushike. Kwa hiyo unapojaribu pikipiki dukani, usijaribu spidi tu. Sikiliza gia kama zinaingia bila ubishi.

Sasa kubwa kuliko yote. Pale Ilula, kwenye nchi ya nyanya, waya wa klachi ulikatika. Waya ukichoka hukatika, hauna jina. Kijana mmoja wa bodaboda akaniongoza kwa fundi chini ya mti, waya ukatoka kwenye kopo, na soda yangu ilikuwa haijaisha nikawa tayari kuondoka. Kwa nini? Kwa sababu nusu ya kijiji wanaendesha pikipiki kama ile.

Mlinganishe na jamaa yangu mmoja. Aliuza kiwanja Chanika akanunua dude la silinda nne, mtumba. Likamzimikia Morogoro. Kifaa kilichokufa hakipo Morogoro, Kariakoo hakipo, kinaagizwa Dubai. Mpaka leo limefunikwa turubai kwenye banda la fundi, na kiwanja chake kina nyumba ya mtu mwingine. Pikipiki nzuri ni ile ambayo fundi wa Ilula anaijua.

Na usidhani ndogo ni aibu. Mwingereza Ted Simon aliondoka London mwaka 1973 na Triumph ya cc 500, akazunguka dunia miaka minne, akapita na hapa kwetu Tanzania. Watengenezaji wengi siku hizi wanaiweka cc 500 kwenye kundi la kati. Na mapadri na mabwana shamba wetu walikwenda vijiji visivyofikika wakiwa na Honda XL 125.

Mtumba? Linganisha namba za injini na fremu na zilizo kwenye kadi. Zisipolingana, ondoka mbio. Kwenye injini ya kisasa moshi wa bluu maana yake inakula oili, ondoka vilevile.

Mwisho, usimalize hela zote kwenye chuma. Tenga fungu la helmeti nzima inayofunika kidevu, glavu, viatu vya kufika juu ya kifundo, na koti zito, maana Iringa mwezi wa 7 haina utani. Pikipiki unaweza kununua nyingine. Kichwa hakiuzwi Kariakoo wala Dubai.

Haya, tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Endesha kistaarabu, mshikaji!