Mtoto aliyebaki na bibi

Kojani, kisiwa kidogo kilichoko mashariki ya Pemba, msimu wa dago hauhitaji kutangazwa. Nyavu zinashonwa vivulini, madumu ya maji yanapangwa, na kina mama wanaanza kuhesabu nani ataondoka na nani atabaki. Wavuvi wa huko wamezoea kuwafuata samaki mbali, hadi pwani ya Tanga na ya Kenya, na kupiga kambi huko kwa wiki au miezi. Wapo wanaoondoka peke yao, na wapo wanaochukua familia nzima.

Mama mmoja wa watoto wanne alikuwa na hesabu iliyomshinda. Mtoto wake wa pili, wa kiume, yuko darasa la tano. Mwaka uliopita alikwenda dago na wazazi wake. Alirudi hodari wa kuvuta kamba na kusoma upepo, lakini alipokaa tena darasani, wenzake walikuwa wamekwishajifunza kujumlisha sehemu na yeye bado anahangaika na kugawanya. Kwa wiki nzima alikaa dawati la nyuma, kimya.

“Bahari nayo ni shule, mke wangu,” mumewe alimwambia. Wala hakusema uongo. Yeye mwenyewe hakumaliza darasa la saba, na nyumba yao yote imejengwa kwa samaki.

Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchele. Alisema neno moja tu: “Niachieni mjukuu wangu.”

Mama hakuogopa kwamba mtoto angelala njaa. Aliogopa yale yanayosemwa siku zote, kwamba mtoto wa bibi hudeka, hasikii la mtu, na akikua hafiki popote. Zaidi ya hapo aliogopa jambo ambalo hakumwambia mtu: kwamba chombo kikishaondoka, mtoto atasimama ufukweni na kuamini kuwa ametupwa.

Wasiwasi huo si wa Kojani peke yake. Mzazi anayehamia mjini kutafuta kazi anao. Anayekwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani anao. Na jibu moja lipo katika maisha ya mwanamke aliyeishi mbali sana na Pemba, mtawa wa Kikatoliki aliyefundisha watoto na kuhudumia wagonjwa Uganda kwa takriban nusu karne. Watu walimwita Mama Kevina.

Alizaliwa Aprili 28, 1875, karibu na mji wa Arklow nchini Ireland, akapewa jina la Teresa Kearney. Baba yake alifariki kwa ajali miezi mitatu kabla hajazaliwa. Mama yake aliolewa tena, naye akafariki binti akiwa na umri wa miaka 10. Aliyemchukua na kumlea ni bibi yake.

Kwa bibi huyo Teresa alikua, akasoma, akaingia katika ualimu. Alipofikisha miaka 17, bibi naye akafariki. Teresa akavuka kwenda Uingereza kufundisha, na mwaka 1895 akajiunga na masista Wafransisko wa Mill Hill, London. Alipoweka nadhiri mwaka 1898 alichukua jina la Sista Kevin. Baganda baadaye waliliongezea irabu ya mwisho ili litamkike vizuri, likawa Kevina.

Hamu yake ilikuwa kwenda kuwatumikia watu weusi wa Marekani. Hakupelekwa huko. Askofu Henry Hanlon wa Uganda aliomba masista, naye akawa mmoja wa sita waliotumwa. Waliondoka London Desemba 1902, na Januari 15, 1903 wakafika Nsambya, Kampala.

Hapakuwa na hospitali ya kuwapokea. Walianza kwa kutibu watu chini ya mwembe, na darasa nalo likaanza kidogo kidogo. Mwalimu aliyekuja kufundisha alilazimika kwanza kuwa mwanafunzi, kwa sababu lugha ya watoto hakuijua. Mwaka 1906 alikwenda kufungua kituo kingine Nagalama, nje ya Kampala.

Ilipokuja Vita Kuu ya Kwanza, wapagazi wa jeshi la Waingereza, wale walioiachia Dar es Salaam jina la Kariakoo, walirudi wakiwa wagonjwa na majeruhi. Masista wa Nsambya waliwauguza. Mwaka 1918 serikali ya Uingereza ilimtunuku Kevina nishani ya MBE.

Lakini kwa mzazi, lililo kubwa zaidi katika maisha yake halikuwa nishani. Kevina aliona kwamba mgeni, hata akiwa na moyo mwema namna gani, iko siku atazeeka au ataondoka. Kazi itakayodumu ni ile iliyoachwa mikononi mwa watoto wa nchi yenyewe. Kwa hiyo, yeye na daktari Evelyn Connolly walianzisha Nsambya mafunzo ya uuguzi na ukunga kwa wasichana wa Uganda, wakati ambapo wengi hawakuamini kuwa msichana wa Kiafrika angeweza kazi hiyo. Mwaka 1923 aliwakusanya wasichana 8 wa Uganda waliotaka kuishi maisha ya utawa, na hao wakawa mwanzo wa shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, ambalo leo linafanya kazi pia Kenya na Tanzania.

Mwaka 1942 shule ya wasichana ya Mount Saint Mary's ilianza Namagunga, kwenye barabara ya kutoka Kampala kwenda Jinja. Miongoni mwa waliosoma hapo ni daktari Specioza Kazibwe, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Uganda kuanzia mwaka 1994. Hesabu ni rahisi kuifuata: yatima aliyelelewa na bibi alijenga shule, na shule ikatoa viongozi.

Uzeeni, Kevina alifika Marekani, kule alikotamani tangu ujana, ila sasa alikwenda kuchangisha fedha kwa ajili ya Afrika. Alifariki huko Oktoba 17, 1957, akiwa na miaka 82. Mwili wake ulirudishwa Ireland ukazikwa. Waganda hawakukubali. Waliomba mama yao arudishwe, na Desemba mwaka huohuo akazikwa Nkokonjeru, Uganda, karibu na mabinti zake. Waliofiwa na mama ndio hudai kaburi.

Bibi yule wa Arklow hakuliona hata moja kati ya hayo. Hakujua kwamba siku moja watu wa nchi asiyoijua wangemwita mjukuu wake mama. Alichofanya ni kazi za kila siku: kumlisha mtoto aliyefiwa, kumpeleka shule na kubaki naye. Mtoto huyo akakua akijua maana ya mtu kubaki, na alipofika Uganda alibaki na watoto wa wengine.

Kojani, siku mbili kabla ya chombo kuondoka, yule mama alifanya mambo matatu. Alikwenda shuleni kumwona mwalimu, akamwambia wazi kwamba wao wanasafiri na mtoto anabaki kwa bibi yake, na akamwachia namba ya simu. Alinunua madaftari ya kutosha, asije bibi akasumbuka kutafuta fedha. Kisha alimkalisha mtoto, akamweleza kwa kinywa chake mwenyewe kwa nini anaachwa, lini watarudi, na kwamba kila Ijumaa baada ya sala atapigiwa simu.

Mtoto aliuliza swali moja. “Na nikishindwa hesabu, bibi atanisaidia vipi? Hajui kusoma.”

Bibi alikuwa anasikia. “Daftari lako silijui,” alisema, “lakini msahafu naujua, na niliujua kwa kukaa chini kila jioni. Na wewe utakaa. Mimi nitakuwa hapo.”

Baba hakusema kitu. Asubuhi ya safari alimkabidhi mwanawe kalamu mbili na kisu chake kidogo cha kukatia nyuzi, akamwambia akitunze mpaka atakaporudi.

Chombo kilipotoka, mama alitazama nyuma hadi nyumba zikawa ndogo. Mtoto alikuwa amesimama kando ya bibi yake, mkoba wa shule begani, kwa sababu ilikuwa Jumatatu na kengele ilikuwa karibu kulia. Alipunga mkono mara moja, kisha bibi akamgusa bega, wakageuka, wakaondoka pamoja.