Neno Linalofunua na Neno Linalofunika



Juma hili tutafakari pamoja juu ya maneno ya mitaani. Wazazi wengi hutulalamikia kwamba vijana wanaiharibu lugha yetu. Tusiwe wepesi wa kuhukumu, kwa maana mengi yaliyodharauliwa jana tunayatumia leo bila kuona haya. Neno daladala lilizaliwa mtaani, kutokana na sarafu ya shilingi tano iliyoitwa dala, nayo ndiyo iliyokuwa nauli. Leo hata mzee anayekemea misemo ya vijana hupanda daladala kwenda kanisani.

Kwa hiyo upya wa neno si kosa. Tunalopaswa kujiuliza ni hili: neno hilo linafunua ukweli, au linaufunika?

Yapo yanayofunua. Kuchakachua lilivuma kwa wale waliochanganya mafuta ya taa na dizeli ili kujipatia faida. Ulipofika uchaguzi mkuu wa mwaka 2010, likahamia kwenye kura, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Fataki, lililoenezwa na matangazo ya redio mwishoni mwa miaka ya 2000, lilimvua heshima ya bandia mtu mzima anayewarubuni mabinti wa shule. Binti akijua kwamba huyu ni fataki, anajua pia kwamba analipuka.

Lakini yapo yanayofunika. Rushwa ikiitwa chai, mtoaji hujiona mkarimu. Uzinzi ukiitwa nyumba ndogo, husikika kana kwamba mtu ameongeza chumba tu, na machozi ya nyumba kubwa hayasikiki.

Tena lipo linaloumiza zaidi. Tangu wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini watambuliwe mkoani Kagera mwaka 1983, mitaa imeupa ugonjwa huo majina mengi: ngoma, umeme, kukanyaga miwaya. Tunaelewa kwamba hofu ndiyo iliyoyazaa. Hata hivyo, sisi tunaowatembelea wagonjwa tumeona gharama yake. Tunamkumbuka kijana mmoja ambaye jamaa zake walinong'ona mlangoni kwamba amekanyaga miwaya, naye akasikia. Aliyekanyaga waya wa umeme hangojewi kupona. Neno lile lilikuwa limekwisha kumzika angali hai. Dawa zilikuwapo hospitalini, tena bila malipo, lakini alikwenda kuzichukua akiwa amechelewa mno.

Wapendwa wazazi na walezi, kijana akija nyumbani na neno jipya, msianze kwa kumkaripia. Mwulizeni maana yake nini, na ni nani anayetajwa kwa neno hilo. Kisha mwulizeni kama angependa mdogo wake au mama yake aitwe hivyo. Nasi watu wazima, tunaojisifu kwa Kiswahili sanifu, tujiulize ni mara ngapi tumeomba chai tukiwa hatuna kiu.

Tunawatakieni juma jema.