Mwaridi na Mnunuzi Wake



Utazame mrashi ulio nyumbani kwako, ule unaotolewa siku ya maulidi na siku ya harusi. Maji ya waridi ya kweli hutokana zaidi na waridi moja la kale, linalonasibishwa na mji wa Damascus. Jamaa zetu walioko Oman wanalijua kwa Jabal Akhdar, ambako huchumwa mwezi wa Aprili, likapikwa, na mvuke wake ukakusanywa ukawa maji. Ua lenyewe ni laini, na likishachumwa halikawii kupukutika. Lau si watu kuitaka harufu yake, nani angelihangaikia?

Lakini kupendwa nako kuna mambo yake. Wataalamu walipochunguza vinasaba vya waridi hilo, walikuta kuwa yale yanayolimwa Bulgaria na Uturuki kwa ajili ya mafuta ni kama mti mmoja uliokatwa vipandikizi mara nyingi. Iran, lilikokaa zamani sana, wakakuta nasaba mbalimbali. Basi biashara ya mafuta ilichagua mti mmoja, ikaujaza mabonde.

Ama waridi la Naivasha, kule Kenya, mnunuzi wake ni mwingine. Hilo husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya, likawekwa chomboni mezani. Mnunuzi anataka kikonyo kirefu na ua lisilonyauka upesi. Harufu hakuiulizia, na mengi katika hayo hayana harufu.

Ukitaka kuliona jambo hili katika nchi yetu, shuka Makambako, pale reli ya TAZARA inapokutana na njia kuu, upande gari la Songea hadi Njombe. Ni nchi ya baridi (mtu wa pwani na achukue koti), na waridi huchanua vizuri. Lakini kinachosemwa huko siku hizi ni parachichi, nalo lina habari ile ile. Parachichi la soko ni Hass, na miti yote ya Hass duniani asili yake ni mti mmoja wa tarishi wa California, Rudolph Hass, aliyeuandikisha mwaka 1935. Mti ule mama ulikufa mwaka 2002 kwa maradhi ya mizizi. Ngozi yake nene hustahimili safari, ndiyo sababu wanunuzi wa ng'ambo wakaupenda.

Mwenyeji wangu Njombe, mzee mkulima, alikuwa na miparachichi mitatu ya kienyeji iliyoota kwa kokwa, na hapana mmoja uliozaa tunda kama la mwenziwe. Mwanawe alitaka kuikata yote apande Hass. Mzee akaniuliza: "Sheikh, huku kubebesha mti juu ya mti mwingine, si kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu?"

Nikamjibu kuwa hapana ubaya. Mtume (s.a.w.) aliwaachia watu wa Madina wenyewe ujuzi wa kuchavusha mitende yao, na kijana anayetafuta riziki ya halali hazuiliwi. Lakini nikamkumbusha aya ya 4 ya Surat Ar-Ra'd, inayotutaka tuzingatie jinsi matunda yanavyotofautiana ladha hali maji yanayoyanywesha ni mamoja. Kisha nikamuuliza mwanawe: hiyo miche ya Hass mnayonunua, shina lake la chini huoteshwa kwa nini? Akasema, kwa kokwa ya parachichi la kienyeji. Nikamwambia, basi mkiikata yote, Hass yenu mtaisimamisha juu ya nini?

Na wewe msomaji, ikiwa uani kwako umesalia mwaridi wa bibi, mdogo wa ua, mkali wa harufu, mkatie jirani kijiti kabla hujaung'oa upate nafasi ya ule mwekundu wa dukani.

Yule mzee alikubali miwili ikatwe. Wa tatu, ulio nyuma ya jiko, mkewe alikataa usiguswe, akasema hilo ndilo parachichi wanalolipenda wajukuu.