Pale Ruzizi Inapoanzia

Wengi wetu tunavuka Ruzizi kila wiki kwenda kuuza na kununua ng'ambo, lakini kuufuata mto wenyewe kwa miguu hatukuwa tumewahi. Jumamosi iliyopita, kisha salongo, tulienda: mama kumi na mmoja na watoto sita.

Ruzizi haizaliwi na chemchemi ya mlimani. Inatoka ziwani, hapa hapa kwetu Ibanda. Pale mwanzo huwezi kusema kama ni ziwa ama ni mto, maji yametulia. Mtoto mmoja alitupa jani, likaanza kwenda polepole, halafu likakimbia. Ndipo tukajua tumefika mtoni.

Zamani sana Ziwa Kivu lilimwaga maji yake kaskazini, upande wa Nile. Volkano za Virunga zikaziba ile njia, maji yakapanda mpaka yakapata pa kutokea huku kusini. Toka Bukavu mto unashuka karibu mita 700 mpaka Ziwa Tanganyika, karibu na Uvira. Kutoka pale maji yanapita Lukuga, yanaingia Lualaba, yanakuwa mto Kongo, na mwisho yanafika bahari ya Atlantiki.

Njia ilikuwa nyembamba, katikati ya migomba na mihogo, na mvua ya usiku ilikuwa imeacha utelezi. Tulishikana mikono, tukacheka kila mmoja alipoanguka. Sauti ya maji ikazidi, mpaka tukawa tunasemezana kwa kupaza sauti.

Kisha tukaiona baraji ya Ruzizi I, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Kicheko kikaisha. Mbele yake maji hayakuonekana: chupa, sashe, viatu, na pampasi nyingi. Takataka hizo zinaziba pale maji yanapoingilia mashine. Mashine zikisimama, mji unabaki gizani, watoto wanasoma kwa mshumaa, cherehani za umeme zinalala. Wafanyakazi wanazitoa, kesho zinarudi.

Tulizoea kulalamikia giza. Lakini pampasi inatoka nyumbani kwetu. Tunaitupa kwenye mfereji, mvua inaisukuma mpaka ziwani, na ziwa lina mlango mmoja tu, huo huo wa Ruzizi. Hata salongo yetu ya asubuhi: uchafu tuliouchota tuliuacha kando ya mfereji. Mvua ya jioni ilijua pa kuupeleka.

Tukaketi, tukala mahindi na karanga, tukakubaliana mambo matatu. Sokoni tutaenda na kikapu, tukatae sashe. Chupa tutazikusanya, kuna vijana mjini wanaozitafuta. Na uchafu wa salongo hautalala kando ya mfereji tena, hata kama tumechoka.

Watakaotaka kwenda nasi mara ijayo, njooni na viatu vya kufunga, na muwalete watoto. Waone wenyewe mlango wa ziwa lao.